Zege la Mlango wa Nyuma

Kila jioni, giza likianza kuingia migombani, Bibi Koleta alisimama kwenye mlango wa nyuma wa nyumba yake, mkono mmoja umeshika fremu, akasema kwa sauti ya chini, "Sogea kidogo nipite." Kisha akangoja. Halafu akanyanyua mguu, akaupeleka kando kabisa kama mtu anayekwepa dimbwi, akatua upande wa pili na kuelekea chooni.

Leticia, binti yake, alipomsikia mara ya kwanza alidhani mama anasema na mbuzi. Mara ya pili alitoka kwenda kuangalia, akakuta mbuzi wote wamefungwa bandani na uani hakuna kiumbe. Akajiambia ni uzee, akarudi jikoni kukoroga makande yake, lakini masikio aliyaacha mlangoni.

Alikuwa amerudi Gonja juu, milimani Upare, mwaka ule mashamba ya mkonge ya tambarare yalipoanza kupunguza watu. Alikuwa karani wa ofisi ya shamba tangu ujana, akaambiwa asante kwa kazi, akapanda gari na masanduku yake. Ndiyo miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani kila kitu kilijaa, sabuni za kunukia, mabati, sukari ya kujipimia utakavyo, redio za kila umbo. Walioadimika sasa walikuwa wanunuzi. Leticia hakujaliwa mtoto, na mume alikuwa ameshakwenda kumtafuta mtoto kwingine, kwa hiyo hakuwa na pa kurudi isipokuwa kwa mama. Na mama hakuwa na mwingine wa kumrudia.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtego. Marehemu baba yake, Mzee Nicolaus, aliijenga upya juu ya msingi uleule wa zamani katika miaka ya shida, saruji ikitafutwa kwa kibali na kibali kikitafutwa kwa magoti. Akipata mfuko anamwaga sakafu ya chumba kimoja. Akipata mwingine, mwaka ukiwa umepita, anamwaga cha pili bila kujali cha kwanza kiliishia wapi. Matokeo yake sakafu zilipanda na kushuka, kila mlango ukawa na kizingiti chake, na kile cha mlango wa nyuma kilikuwa kirefu kuliko vyote. Mtu mwenye macho mazima alijikwaa humo. Sasa mfikirie mama wa miaka themanini na ushee, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, anataka kwenda kujisaidia.

Alikuwa ameanguka mara mbili, na mara zote mbili hapohapo mlango wa nyuma. Mara ya pili alitegua nyonga, akalala wiki nzima akiugulia.

Ndipo kaka mkubwa, Novatus, alipopanda kutoka Same mjini na kutoa hukumu. Novatus alianza na kuuza misumari juu ya gunia kando ya barabara kuu, na ruksa ilipokuja akafungua duka la vifaa vya ujenzi lenye jina lake ukutani kwa rangi nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, na mtu wa sauti kubwa huchukua ukimya wa wenzake kuwa ni kukubali.

"Akianguka tena namteremsha Same," alisema. "Nina chumba nyuma ya duka, kina sakafu moja kama kiganja. Sitazika mama yangu kwa sababu ya kizingiti."

"Siondoki hapa," mama alisema.

"Mama, hapa utavunjika."

"Nitavunjikia hapahapa."

Leticia alikijua kile chumba. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na malori yakipita kwenda Tanga vikombe vilitetema kabatini. Mama alilala humo Pasaka moja tu. Siku zote alikaa ukingoni mwa kitanda, kifurushi mapajani, akiuliza watarudi nyumbani lini, chakula akikisogeza kando kwa adabu. Leticia hakuhitaji daktari wa kumwambia: mama akipelekwa Same hamalizi msimu.

"Nipe nafasi niitengeneze nyumba," alimwambia kaka yake. "Nikiitengeneza na bado akaanguka, sitasema neno. Utamchukua."

Novatus alicheka, lakini alikubali, na hata akaahidi kupandisha saruji kutoka dukani kwake. Tuseme haki yake.

Fundi alikuwa Iddi, mtu wa Maore kule chini, mrefu, mpole, mwenye kofia ya kufuma ambayo vumbi la saruji lilikuwa limeigeuza ya kijivu. Mchanga na mawe vilipandishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji: baragumu lilipigwa asubuhi, majirani wakashuka mtoni na madebe, wakapanda wakiimba na kutaniana kwamba Leticia anamjengea mama yake uwanja wa ndege. Bibi Koleta alikaa barazani akiwasikiliza, akimtambua kila mmoja kwa kikohozi chake.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko Leticia alivyothubutu kuomba. Vizingiti vya ndani vilibomolewa, sakafu zikasawazishwa, na Iddi akipita chumba hadi chumba na pima maji yake kama aliyebeba mtoto aliyelala. Dirisha la chumba cha mama lilipanuliwa ili mwanga mdogo aliobaki nao umfikie. Miguu ya kitanda ilikatwa. Kutoka kitandani hadi mlango wa nyuma likafungwa bomba ukutani, usawa wa kiuno chake, la kushikia. Choo kipya kilijengwa karibu, kikiwa na kiti cha zege, si kile cha kuchuchumaa.

Mama alipokea yote bila kupinga. Alilipapasa bomba, akaupapasa ukuta, akasema, "Mmefanya vizuri." Ila walipofika mlango wa nyuma alisimama.

"Hapa paacheni."

"Mama, hapa ndipo unapoanguka!"

"Paacheni palivyo, Leticia."

Leticia. Siku zote Leticia. Kuna jambo lilimkaa binti huyu moyoni tangu utotoni, na hakuwahi kumwambia mtu. Akina mama wengine wa kitongoji waliwaita watoto wao mwanangu: mwanangu njoo, mwanangu kula, mwanangu umefanya nini. Mama yake aliwaita kwa majina, yeye na Novatus, kama mwalimu anayeita darasa. Hakuwapiga kuliko wengine, hakuwanyima chakula. Ila neno lile halikumtoka. Leticia alikua akiamini kwamba mama yake ana moyo mkavu, akamsamehe kama mtu anavyomsamehe mzazi urefu au ufupi aliomrithisha.

Basi hakumsikiliza. Alimpenda na akaona anajua linalomfaa, na wengi wetu tukishafika hapo hatuulizi tena swali. Mama alipokuwa amelala mchana, Iddi alivunja kizingiti, akapanga mawe, akamwaga zege la mteremko lililonyooka kutoka mlangoni, likapita chini ya upenu pale maji ya bati yanapodondokea, hadi choo kipya. Kando yake akasimamisha bomba. Ilikuwa kazi safi. Leticia aliitazama, akaona amemwokoa mama yake.

Mama alipoamka alikwenda mlangoni, akanyoosha mguu wake kando kama kawaida, ukagonga bomba. Akashuka polepole kwa vidole vya mguu, akagusa zege bichi. Alisimama hapo, uso umeinama.

"Umemfunika," alisema.

"Nimefunika nini, mama?"

Mama alirudi ndani kwa kushika bomba.

Tangu siku hiyo hakuutumia tena mlango wa nyuma. Alitaka ndoo chumbani. Chakula alikisogeza kando kwa adabu, kama alivyofanya kule Same, na Leticia alipoona sahani ile imesogezwa, aliikumbuka Pasaka ile.

Kisha zege lenyewe likaanza vituko vyake. Sehemu yote ilikauka vizuri, ngumu, ya kupigia nyundo. Ila mahali pamoja, hatua moja kutoka mlangoni, chini ya mchirizi wa bati, palibaki laini. Ukiweka kidole kinazama. Iddi alipakwangua, akapamwaga upya, akapafunika kwa magunia. Asubuhi palikuwa vilevile, na katikati pamebonyea kidogo, bonde dogo la kutosha kulaza beseni.

"Dada, saruji hii mmeitoa wapi?" Iddi aliuliza.

"Kwa kaka yangu."

"Basi kaka yako katuuzia majivu."

Maneno yalishuka Same kwa kinywa cha kondakta wa basi, na majibu yakapanda kwa kinywa hichohicho: mwambieni huyo fundi wenu wa Maore kwamba saruji yangu imejenga nusu ya mji huu, yeye amejenga nini? Iddi alisikia, akatabasamu kwa upande mmoja. Akachukua mfuko uleule uliobaki nusu, akamwaga zege kwenye kigingi cha banda la mbuzi. Kikakauka kama jiwe. Akarudi mlango wa nyuma, akachuchumaa mbele ya lile bonde, akavua kofia, akaivaa tena.

"Labda kuna chemchemi chini," alisema. Lakini alilisema kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kwao kabla ya magharibi.

Leticia naye alianza kuwa mwoga ndani ya nyumba ya kwao. Jioni, akiwa jikoni, alisikia mchirizi ukidondoka nyuma, tone, tone, na akitoka bati ni kavu na mbingu ni safi. Mara moja, akiwa amebeba ndoo, alihisi kitu kimeshika upindo wa khanga yake pale mlangoni, kwa wepesi, kwa chini kabisa, usawa wa goti. Aligeuka haraka, maji yakamwagika. Hakuona kitu. Alikaa sakafuni, khanga imelowa, akijitukana kwa woga wake.

Mvua za vuli zilipoanza, mama alianguka mara ya tatu.

Hakuanguka kwenye mteremko, wala kwenye sakafu yoyote iliyosawazishwa kwa jasho la watu. Alitoka kwa mlango wa mbele, Leticia akiwa kisimani, akaizunguka nyumba nzima kwa kupapasa ukuta, kwenye tope, mvua ikimpiga, ili afike nyuma bila kupita mlango wa nyuma. Aliteleza pembeni mwa upenu. Leticia alimkuta amekaa kwenye matope, kifundo cha mkono kimevimba, viganja vyote viwili ameviweka juu ya ukingo wa zege, kana kwamba anapasha moto mtu mwenye baridi.

Habari njema hupanda mlima kwa kujikongoja, ila hii ilishuka yenyewe. Kabla mkono haujafungwa vizuri, kondakta alileta jibu la Novatus: Jumapili, baada ya misa, anakuja na pikapu. Mama afungiwe vitu vyake.

Leticia alimlaza mama, akamkanda mkono kwa maji ya moto, akatoka nyuma kumwaga maji yale. Mvua ilikuwa imekatika. Aliinamisha macho, na hapo ndipo alipoona.

Mteremko ulikuwa umejaa nyayo za tope jekundu. Nyayo za Iddi zilikwenda moja kwa moja, kutoka chooni hadi mlangoni, zikakanyaga katikati ya lile bonde bila wasiwasi. Nyayo nyingine zilikuwa zake yeye, Leticia, za kwenda na za kurudi, tangu mvua ilipokatika. Zote zilipinda. Kila zilipofika pale chini ya mchirizi zilikwenda kando, zikabana ukingo wa zege kwenye bomba, zikazunguka, kisha zikarudi njiani.

Aliweka beseni chini. Akajaribu kupita akikanyaga katikati. Mguu ulikwenda kando wenyewe. Akajaribu tena, na tena mguu ukakataa, kwa utulivu, kama mguu uliofundishwa zamani sana. Akakumbuka kofi. Alikuwa mdogo, anacheza mdako pale upenuni, na mama akatoka mbio na kumchapa kofi la mgongo, kisha akapiga magoti na kukipangusa kile kipande cha ardhi kwa kiganja, taratibu. Akakumbuka Novatus naye akifundishwa: si hapo, pita huku. Wamekua wote wakipita huku. Hawakuwahi kuuliza huku ni kukwepa nini.

Alirudi ndani akaketi kitandani, kile kitanda kilichokatwa miguu.

"Mama, pale nyuma pana nani?"

Bibi Koleta alianza kusema kwa Kipare, halafu akahamia Kiswahili, kana kwamba kwa lugha ya nyumbani maneno yale yalikuwa moto mno kuyashika.

"Pana dada yenu."

"Dada yetu yupi? Novatus ndiye kifungua mimba."

"Novatus ni wa pili. Wa kwanza alikuwa msichana. Alikuwa mnene, mcheshi, anacheka na kuku. Baba yenu alikuwa mkongeni, hata hakuwahi kumshika. Siku moja nikamnyonyesha, akanigusa kwa jino. Nikafurahi. Nikatia kidole kinywani nilione. Leticia, lilikuwa la juu."

Leticia aliyajua hayo kama kila mtoto wa milimani anavyoyajua, kwa kunong'onezwa na kunyamazishwa. Mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego. Wazee waliamini ataumaliza ukoo. Hakuachwa aishi, alipelekwa kwenye mwamba na hakurudi, na mama yake hakuruhusiwa kulia. Wamisionari walikuwa wamekwisha kuyakataza, serikali ya mkoloni nayo, lakini kukataza ni kanisani na barazani. Ndani ya nyumba kulikuwa na mama mkwe.

"Mama mkwe wangu alikuwa anawakagua watoto wote vinywa," mama alisema. "Nikamficha. Nikasema anaumwa, hawezi kutoka. Nikamweka ndani gizani, nikamfunga kitambaa mdomoni akilala ili asiachame. Akicheka namziba. Mtoto wangu akicheka namziba, Leticia. Kisha akaumwa kweli. Homa. Zahanati ya misheni ilikuwa pale chini, na sista alikuwa na dawa. Lakini atamwachamisha kinywa. Pale foleni wamejaa shangazi wa ukoo. Nikasema, ngoja ashuke homa kidogo. Ngoja kesho. Nilimficha vizuri mpaka nikamficha hata dawa isimwone."

Nje, mchirizi ulidondoka.

"Mtoto alipokufa, mama mkwe aliliona jino. Akasema, afadhali amekwenda mwenyewe. Akasema nimtupe porini. Nikachukua jembe, nikamzika upenuni, pale maji ya paa yanapodondokea, ili mvua iwe inamwogesha. Sikulia. Waliniangalia kama nitalia. Tangu hapo naishi naye. Baba yenu alipotaka tuhamie Maore, kwenye mashamba ya mpunga, nilikataa, akaniona mkaidi. Nyie mnasema naanguka kwa sababu ya macho. Naanguka kwa sababu mguu umezeeka na hauwezi tena kumruka. Na kumkanyaga siwezi. Sasa mmemwekea zege usoni."

Leticia alikuwa analia waziwazi, kwa sauti, kama mtu anayelia kwa niaba ya mwingine aliyekatazwa.

"Anaitwa nani, mama?"

"Hakupewa jina. Nani angempa?" Mama aligeuza uso ukutani. "Nyie wote nimewaita kwa majina yenu. Yeye sikuwa na la kumwita isipokuwa mwanangu. Nikaona nikiwaita na nyie hivyohivyo, nitakuwa nimemnyang'anya kitu chake cha pekee."

Leticia alikaa na neno hilo mapajani. Miaka yote hiyo, na ulikuwa si ukavu.

Asubuhi alimfuata Iddi na kumwambia zege livunjwe. Fundi alifungua kinywa kulalamika, maana hakuna fundi anayependa kuvunja kazi yake safi, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya wanawake na mipango yao. Leticia akamwambia kwa nini. Iddi alifunga kinywa. Alisema, "Inna lillahi," kwa sauti ya chini, akaenda kutawadha, ndipo akashika tindo na nyundo.

Hakutumia sululu. Alimega zege kipande kwa kipande kuzunguka lile bonde, akavitoa vipande kwa mikono. Chini yake udongo ulikuwa mwekundu, mlaini, wenye unyevu, na hawakuuchimba hata kidogo. Wakauacha wazi, kiasi cha kulaza mkeka mdogo. Kisha Iddi akajenga mteremko upya. Ulitoka mlangoni, ukapinda upande wa kulia, ukauzunguka ule udongo na kurudi kwenye njia ya choo. Bomba lilikuwa kazi kubwa zaidi. Alilijaza mchanga, akalipasha moto kwenye mkaa mpaka likaiva, akalipinda taratibu juu ya gogo, ili mkono ukilifuata usikutane na kona yoyote ya kugonga. Zege hili lilikauka lote. Novatus hakuwahi kuombwa radhi kuhusu saruji yake, na mimi naona alistahili kuombwa.

Jumapili alifika mchana na pikapu, pamoja na dereva wake, na godoro jipya nyuma likiwa bado kwenye nailoni. Alivaa suti ya kanisani. Alimsalimia mama shikamoo, akauona mkono uliofungwa, akapaza sauti.

"Tulikubaliana, Leticia. Ulisema hutasema neno."

"Mtazame kwanza akitembea."

"Nimtazame nini? Mkono huo sijauona?" Akamwita dereva, wakalishika sanduku la mama kila mmoja upande wake, wakatoka nalo kwa mlango wa nyuma kwa kuwa pikapu ilisimama huko. Novatus alitangulia kinyumenyume, akiwa bado anabishana, macho yote kwa dada yake. Dereva alikata njia ya mkato, akakanyaga katikati ya ule udongo. Novatus, ambaye hakuwa anaona anakokwenda, alipeleka mguu wake wa kiatu cheusi kando, akaruka, akatua upande wa pili, akaendelea kusema.

"Kaka," Leticia alisema. "Umeruka nini?"

"Nimeruka nini?"

"Hapo."

Novatus aliangalia chini. Aliuona ule udongo uliozungukwa na zege jipya, akaona alikorukia na alipotua. Sauti yake kubwa ikatafuta pa kushika, ikakosa. Leticia alimweleza kwa maneno machache, palepale, sanduku likiwa bado mikononi mwao. Dereva aliposikia alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akainama akafuta alama ya kiatu chake kwa kiganja.

Ndipo mama akatokea. Alikuwa ameinuka mwenyewe kitandani. Walimsikia kabla ya kumwona, miguu yake mitupu ikiburuta juu ya sakafu moja hadi nyingine bila kukwama popote, mkono wake mzima ukiteleza juu ya bomba. Alifika mlangoni, akasimama.

"Sogea kidogo nipite," alisema.

Novatus alisogea haraka, akidhani anaambiwa yeye. Kisha akaona uso wa mama umeinamia udongo. Bomba likauchukua mkono wake, likauzungusha, na mama akaufuata mkono wake. Hakuruka. Hakunyoosha mguu. Alipinda taratibu, akapita, akanyooka, akaenda mpaka chooni na kufunga mlango kama mtu yeyote katika nyumba yake.

Uani watu wazima watatu walisimama na sanduku.

Novatus alikuwa mtu aliyejivunia kuwa kifungua mimba. Alikitaja cheo hicho kwenye harusi na kwenye misiba, alikitaja hata dukani. Sasa alivua koti, akalikunja, akalikunjua, hakujua aliweke wapi.

"Kwa hiyo nina dada mkubwa," alisema.

"Unaye."

"Na shikamoo sijampa." Akamgeukia dereva. "Rudisha sanduku ndani. Kisha lete na godoro."

Aliondoka kabla jua halijazama, kwa sababu barabara ya kuteremka ilikuwa na utelezi. Hakupiga honi kama alivyozoea.

Jioni giza lilipoanza kuingia migombani, Leticia alikuwa uani akikusanya vipande vya zege la zamani. Aliusikia mkono wa mama ukija juu ya bomba. Akasimama upande wa pili wa udongo, tayari, endapo mguu ungekosea. Mama alifika pale bomba linapopinda. Mkono uliofungwa ulikuwa unaning'inia kando, juu ya udongo, vidole vimefunguka kidogo kwa chini, usawa wa mtu anayejifunza kutembea.

"Asante, mwanangu," mama alisema.

Leticia alikuwa amelingoja neno lile miaka hamsini. Sasa limekuja, na hakujua limekuja kwa nani. Macho ya mama yalikuwa meupe, hayakuelekea upande wowote. Mvua haikuwa imenyesha siku nzima, lakini mchirizi ulidondoka. Leticia alingoja kidogo, kwa heshima, aone kama kuna aliyemtangulia kuitikia. Alipoona kimya, akasema, "Ndiyo, mama."

Hakuwa na hakika kama alisema peke yake.